Nimempoteza mwanangu kwa siko seli na kusali kumenishinda. Naombeni ushauri

MamaK_Igoma:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Igoma hapa Mwanza, usingizi sina ndiyo maana naandika saa hizi.

Mwanangu wa kwanza amefariki akiwa darasa la pili. Alikuwa na siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tulijua tangu vidole vilipomvimba akiwa mchanga akawa halali kwa kulia. Kliniki tulihudhuria, vidonge vya foliki vya kusaidia damu hakukosa, mwili ukichemka kidogo tu naita bodaboda. Safari hii kifua kilibana. Akaongezewa damu, akawekewa oksijeni, kulipokucha akaondoka.

Sisi ni Wakatoliki. Jumuiya ilinisimamia, siwezi kusema uongo: kuni, maji, ugali wa waombolezaji, sikunyanyua hata sufuria. Shida imekuja baada ya kuanua turubai. Shemeji yangu anayesali kanisa la maombi kanieleza wazi kwamba mtoto angepona kama ningeacha vidonge nikasimama kwenye Neno. Mama mkwe anasema ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa huo, damu mbaya imetoka kwetu. Na wanaonitakia mema wananiambia Mungu kampenda zaidi. Kwani mimi sikumpenda?

Kwenye Baba Yetu nikifika "utakalo lifanyike" mdomo unagoma. Wenzangu wanaendelea, mimi nanyamaza, najiunga nao kwenye mkate wa kila siku. Hii ni dhambi? Mume wangu naye hasemi kitu, anashinda soko la Mwaloni kwenye dagaa, akirudi anakula analala. Halafu kuna mdogo wa marehemu, ndiyo kwanza anatembea, naogopa hata kumpima. Mliopitia hili mlifanyaje?

Kapuku wa Nyakato:
Pole sana dada. Sina la kusema, nimesoma mpaka mwisho.

Jemedari_wa_Sala:
Pole mtumishi. Ila tusimlaumu shemeji. Imeandikwa kwa kupigwa kwake sisi tumepona. Dawa wakati mwingine inaua imani.

Nesi Mstaafu:
Jemedari, nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Watoto walioachishwa dawa kwa mafundisho kama hayo nimewapokea mimi, wewe hukuwepo. Usimwongezee mama huyu mzigo.

Mama K, nianze na hilo la damu. Siko seli hairithiwi upande mmoja. Mtoto anaupata ugonjwa akichukua jeni (chembe ya urithi) moja ya siko seli kwa mama na nyingine kwa baba. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana jeni moja tu, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuumwa, 2 kati ya 4 ya kuwa mbebaji kama wao, na 1 kati ya 4 ya kutokuwa nayo kabisa. Mbebaji kwa kawaida haumwi, kwa hiyo ukoo unaweza kuwa nayo tangu enzi za mababu na mtu asijue. Huku kwetu Kanda ya Ziwa imejaa kwa sababu ya malaria: mwenye jeni moja huhimili malaria kali kuliko asiyenayo, ndiyo maana haikupotea. Hakuna damu mbaya hapo, wala mkono wa mtu.

Mdogo wake mpime, usingoje. Akikutwa nayo, kuna penisilini ya kumkinga mpaka afike miaka 5, kuna chanjo ya nimonia, kuna haidroksiyurea inayopunguza maumivu na kifua kubana. Akikutwa hana, utalala.

Ummu Salma:
Mimi ni Muislamu, nipokee hivyo hivyo mwenzangu. Nilizika wa kwangu pia. Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele za watu. Walipomshangaa akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, ila hatusemi lisilomridhisha Mola. Kwa hiyo lia. Atakayekwambia kulia ni udhaifu wa imani, mpe chai aondoke.

Katekista_Ukerewe:
Mayu, pole. Si dhambi. Aliyetufundisha sala hiyo, usiku ule bustanini aliomba kikombe kimwepuke, akarudia mara 3, na jasho likamtoka. Sasa wewe unataka uitamke kirahisi kuliko yeye? Wenzako wakisema na wewe umenyamaza katikati yao, umesali.

Soma Zaburi ya 88. Nyingi za maombolezo mwishoni hugeuka sifa, hiyo haigeuki, inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia. Halafu wale marafiki wa Ayubu: walikaa naye chini siku 7 bila neno, wakafanya vema. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu. Hao wa "kampenda zaidi" wasamehe polepole, hakuna anayekukimbiza.

BabaPacha Sengerema:
Mimi niongelee huyo mume, maana nilikuwa yeye. Nilipofiwa nilishinda ziwani hata mbalamwezi ikiwaka, wakati dagaa hawafuati taa. Mke wangu alidhani sijali. Siku moja anatafuta spana kwenye boksi la injini akakuta kandambili ya mtoto, ya mguu mmoja, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isipate mafuta. Tulilia wote.

Usimuulize "unajisikiaje", atakujibu "poa". Mpe kazi ya mtoto: mkajengee kaburi, mkachague maneno ya msalabani. Akiwa anachanganya saruji ataongea.

MamaK_Igoma:
Mungu awabariki wote. Nimemsomea mume wangu ya BabaPacha. Hakujibu, akatoka nje akakaa muda mrefu, aliporudi akaniuliza saruji mfuko bei gani siku hizi.

Nesi, Jumatatu tunampeleka mdogo. Tunaanzia wapi, maabara moja kwa moja?

Nesi Mstaafu:
Anzieni kliniki ya watoto, mwende na kadi yake ya kliniki, na ya bima kama mnayo. Mwambie daktari kaka yake alikuwa na siko seli, atawaandikia kipimo cha aina ya hemoglobini, siyo kile cha wingi wa damu. Ninyi wazazi mpime siku hiyo hiyo. Mama mkwe naye akitaka, njooni naye, mkono wa kutolea damu anao.