Wifi kliniki anajibu "tunakula vizuri", nyumbani kihenge kitupu. Nifanyeje?

Binti_Chamwino:
Mbukwenyi ndugu zangu. Naombeni ushauri, hasa mnaojua mambo ya zahanati.

Mimi niko Dodoma mjini, kaka yangu na familia yake wako kijijini, Chamwino. Msimu uliopita mvua ilikatika uwele ukiwa ndio unatoa masuke, na tangu Desemba kihenge hakina kitu. Kaka kaenda Kiteto kutafuta vibarua vya palizi. Wifi kabaki na watoto watatu, wa mwisho ana miezi 14.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwaona nikaomba kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulipanda hadi Novemba, ukalala, na mwezi huu umeshuka. Mkono wameupima kwa utepe ukasoma sentimita 12.1, rangi ya njano. Nikamuuliza wifi, nesi alisemaje? Kumbe aliambiwa ampe mtoto mayai, maziwa, matunda na nyama. Akaitikia "sawa". Akaulizwa kama nyumbani wanakula vizuri, akasema ndiyo. Siku hiyo walikuwa wamekunywa uji mweupe mara moja tu, tangu asubuhi.

Aliona haya. Kinamama wamejaa kwenye benchi, kila neno linasikika. Mwezi uliotangulia kuna mama alisemwa pale mbele za watu kwamba hajui kulea. Sasa wifi hataki kurudi. Mimi natuma elfu kumi nikipata, hazifiki mbali. Je, zahanati inaweza kuwasaidia chakula, au kazi yake ni kupima tu?

Nesi_Mstaafu:
Pole mwanangu. Kwanza, mwambie wifi yako asiache kliniki. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akipima chini ya sentimita 11.5 huo ni utapiamlo mkali, anatibiwa kwa chakula dawa, zile pakiti za karanga na maziwa; akiwa hana hamu ya kula au anaumwa, analazwa. Kuanzia 11.5 mpaka kabla ya 12.5 ni njano, na huyo ndiye anayesahaulika, maana wengi wao huondoka na maneno matupu.

Leo hii mbonyeze mtoto juu ya nyayo zote mbili kwa dole gumba, hesabu taratibu hadi tatu, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, usisubiri tarehe ya kliniki, hata utepe ukisoma kijani.

Kuhusu swali lako: zahanati haina ghala la unga. Ila ina kalamu. Wifi aseme wazi, "Nesi, nyumbani hatuna chakula." Asiposema, nesi anaandika "ushauri wa lishe umetolewa" na kuita mwingine. Akisema, nesi ana wa kuwaandikia: afisa lishe na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeweza kufika nyumbani. Kama benchi linamtia haya, aombe kuzungumza ndani, mlango ukiwa umefungwa. Ni haki yake. Na yule aliyemsema mama wa watu hadharani alikosea sana. Ukimwaibisha mama mmoja, kumi wanakaa nyumbani.

Mgogo_Ughaibuni:
Huku Marekani kliniki nyingi za watoto zinawauliza wazazi wote mambo mawili: kama katika miezi 12 iliyopita walihofia chakula kuisha kabla ya kupata hela ya kununua kingine, na kama kweli kiliisha wakakosa hela. Kwa kuwa wanaulizwa wote, hakuna anayejiona kanyooshewa kidole. Swali la "mnakula vizuri?" lina jibu moja tu kwa mtu mwenye heshima zake.

Kaka_Kongwa:
Dada, ulizia pia kama kaya hiyo imo TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku. Kama imo, kuacha kliniki kunaweza kuwakata ruzuku, maana watoto wadogo kuhudhuria kliniki ni sharti. Kama haimo, nenda kwa mtendaji wa kijiji mwenyewe, usitume ujumbe. Majina hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji na hayaandikwi kila siku, kwa hiyo wasitegemee hiyo kwa chakula cha wiki hii.

Mama_Kondoa:
Mpelekeeni unga wa lishe wa nafaka nane, mtoto wa dada yangu alinenepa.

Nesi_Mstaafu:
Mama Kondoa, nafaka hata ziwe nane bado ni nafaka. Uji wa uwele peke yake uongezewe karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta ya alizeti. Elfu kumi ya shangazi inunue karanga, dagaa na mafuta kabla ya sukari. Mlenda mkavu upikwe na karanga, mtoto atengewe sahani yake, ale mara tatu au nne, na kunyonya kuendelee. Lakini karanga au mahindi yenye ukungu msiguse, hata kama njaa inauma. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi.

Binti_Chamwino:
Asanteni sana. Miguu nimeibonyeza, haikubaki shimo. Jana nimemsindikiza wifi. Tuliomba kuingia ndani. Alikaa kimya muda mrefu, nikataka kumsemea nikajizuia, kisha akasema mwenyewe. Nesi aliyekuwepo ni mwingine, akaweka kalamu chini, akamuuliza wale wakubwa wawili nao wamekula nini tangu jana. Ametupa barua ya ustawi wa jamii, na mhudumu wa kitongoji atakuja na utepe kila wiki. Chakula bado hakijapatikana. Barua ninayo mimi, Jumatatu naipeleka halmashauri kwa mkono. Kuna anayejua niambatanishe nini zaidi ya nakala ya kadi ya mtoto?