Mlioshika fyekeo na mliokaa ofisini: vibarua vya vijana vya serikali, tupeane uzoefu (Malindi na majirani)

Kaskazi:
Leo nimemkuta mdogo wangu kwenye saiba akipanga bahasha: kopi ya kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), cheti cha maadili mema, barua ya chifu. Anaomba uanagenzi serikalini. Nikakumbuka mengi. Mliopitia Kazi kwa Vijana ile ya 2009, Kazi Mtaani ya wakati wa korona, KYEOP (mradi wa kuwafunza vijana ufundi na kazi), PSC (Tume ya Utumishi wa Umma), hata ualimu wa JSS (sekondari ya chini), semeni yaliyowapata. Siasa pelekeni kwingine.

Gambuti:
Kazi Mtaani, awamu ya pili, 2020. Kibarua 455 kwa siku, supavaiza 505, na mnaingia kwa zamu. Msicheke. Mahoteli yamefungwa, Mtaliano hayuko, bichiboi mzima anaomba sukari kwa jirani. Mimi nilikuwa weita wa kuvaa tai. Nikapewa fyekeo na gambuti, mguu mmoja namba saba, mwingine tisa, tukaingizwa mfereji wa nyuma ya nyumba ninayopanga. Wapangaji wenzangu wote dirishani. Pampasi za masika nzima ziko mle. Wilbaro ni moja, gurudumu halina upepo, ukilijaza tope halisogei mpaka watu watatu. Ila siku ya malipo simu ikilia, aibu yote hukoma.

Mama Salma:
Lenu lilikuwa na gurudumu? Hongereni.

Mzee Kijana:
Sisi wa 2009 tulipanda miti. Mbuzi wakala. Tukaitwa tena kupanda palepale.

Faili Jekundu:
Mimi PSC, uanagenzi wa miezi 12 usioongezwa, wakati wetu posho 25,000. Nilipelekwa bara, ofisi siitaji. Miezi ya kwanza sikuwa na kiti. Nakaa cha mtu aliye likizo, akirudi nahamia cha mwingine. Aliyeniokoa ni karani mmoja wa masijala aliyekaribia kustaafu. Alinionyesha faili linavyotembea, nani anaandika wapi, kwa nini barua bila folio, ile namba yake ndani ya faili, ni kama haikuandikwa. Mabosi hawakunifunza hata moja. Mwaka ulipoisha nikapewa cheti na mkono wa kwaheri.

Gambuti:
25,000 chini ya feni halafu unalilia kiti!

Faili Jekundu:
Toa kodi ya nyumba, nauli, chakula cha mchana, mkopo wa masomo wa HELB unakusubiri mlangoni. Wewe ulikuwa unarudi kula kwa mamako.

Gambuti:
Mama yangu usimtie humu.

Kaskazi:
Jamani, taratibu.

Mwalimu wa Zamu:
Mwalimu mwanagenzi wa JSS, 20,000 kabla ya makato. Vipindi ni vilevile vya mwalimu wa kudumu, na sayansi nafunza bila maabara. Mahakama ya Ajira ilisema Aprili 2024 kwamba mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa haajiriwi kwa mkataba wa uanagenzi. Tukashangilia. Shule zilipofunguliwa nikarudi darasani kwa posho ileile.

Bi Mkwaju:
Nyinyi mnalia na serikali, mimi nimeliwa na shemeji.

Ni KYEOP. Walitaka vijana wa miaka 18 hadi 29, waliosoma mwisho kidato cha nne, na mimi niliishia darasa la nane. Nikachagua ushonaji: miezi ya mafunzo, kisha miezi ya kukaa na fundi kazini, posho 6,000 kwa mwezi kwa simu. Laini yangu haikuwa na jina langu, maana niliinunua kitambulisho hakijatoka. Nikaambiwa niandike namba ya mtu wa nyumbani ninayemwamini. Nikaandika ya mume wa dada yangu. Mtu wa swala tano, wallahi.

Mwezi wa kwanza namuuliza, ananiambia, "Bado, serikali hii unaijua." Wa pili, "Mtandao." Mimi natembea kutoka mtaa wa Barani mpaka mjini kwa miguu, mchana nanywa maji, namshonea fundi sare za shule na vidole vimetoboka. Siku moja tunafunga vifungo, mwenzangu ananiuliza, "Wewe posho yako umenunua nini?"

Nikaenda kwa dada. Tangu njia panda nasikia taarab. Sebuleni pana spika inanifika kiunoni, ina taa za rangi. Shemeji yuko bafuni. Dada akachukua simu, akaanza kunisomea meseji, moja baada ya nyingine, kila mwezi na tarehe yake. Hatukusema neno. Tukachomoa waya, tukaita mkokoteni. Tunapinda kona, huyo anakuja mbio na kikoi, povu kichwani, anapiga kelele za mwizi! Watu wakajaa. Mzee wa mtaa akaisoma ile simu mbele ya wote, akasema mkokoteni uendelee.

Mama Salma:
POVU KICHWANI 😂😂

Gambuti:
Dada yako bado yuko naye?

Bi Mkwaju:
Yuko. Usiniulize.

Wakili wa Baraza:
Kisheria mlichukua mali ya mtu bila amri ya korti. Mungeripoti polisi.

Mama Salma:
Na polisi nao wangeicheza taarab. Tuondokee.

Mwana Faza:
Nyinyi wa Malindi mwaona tabu. Huku kwetu, fomu ikikosa muhuri mmoja ni boti tena hadi Amu (mji wa Lamu), na kusi ikivuma hulali nyumbani.

Kaskazi:
Basi huyu kijana nimwambieje?

Faili Jekundu:
Aombe PSC, ajifunze ofisi.

Gambuti:
Asiombe kitu. Anunue tuktuk.

Wakili wa Baraza:
Kwa pesa gani?

Bi Mkwaju:
Aende kwa fundi afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Cheti changu ndicho kilichonipatia tenda ya sare. Na namba ya simu iwe yake mwenyewe, kwa jina lake.

Mzee Kijana:
Wakimpa miti, aulize kwanza kuhusu mbuzi.

Mama Salma:
Bi Mkwaju, spika ilifika wapi?

Bi Mkwaju:
Niliiuza, nikanunua cherehani ya miguu. Shemeji huja kupindwa suruali. Analipa kabla sijashika mkasi.