Tupeane uzoefu: Mbinu gani ya kubana matumizi nyumbani imekufaa kweli hapa Uganda?

Mama wa Kisenyi

Ndugu na dada zangu, naomba tupeane uzoefu. Kuambiana "punguza matumizi" tumeshaambiana vya kutosha. Nataka kusikia ulichofanya mwenyewe, jikoni kwako au kwenye mita yako, ukaona kabisa pesa inabaki. Taja na mahali ulipo, maana la Kampala huenda lisimfae mtu wa Arua.

Naanza mimi. Sisi tunaopanga mizigo, yaani vyumba vya chumba kimoja kimoja, huku Kisenyi, Kampala, tunanunua kila kitu kidogokidogo: mkaa wa kaveera (kifuko cha plastiki), mafuta ya kupimiwa, sukari robo, sabuni ya kukatiwa. Bei ya kila kimoja haitishi, lakini ukijumlisha mwisho wa mwezi, mwenye kununua kidogo ndiye amelipa zaidi kuliko mwenye kununua kwa jumla. Mkaa ndio ulionichosha zaidi. Tangu amri ya Rais ya Mei 2023 iliyozuia biashara ya mkaa kutoka kaskazini, gunia hapa mjini limevuka laki moja, na wauzaji wa vifuko nao wakapunguza ujazo. Nilikuwa nanunua kifuko cha elfu mbili asubuhi na kingine jioni. Piga hesabu mwenyewe: hiyo ni laki na ishirini kwa mwezi, na bado kuna siku moto unazima kabla maharagwe hayajaiva.

Tukakaa majirani watatu. Kila jioni kila mmoja anaweka pesa kwa yule tunayemwamini wote, ikitimia tunamtuma kijana anayejua mkaa mzuri akachukue gunia. Tunaligawa uani, wote tukiwepo, kwa mkebe mmoja. Gunia la kwanza ndilo gumu, kwa sababu unaweka akiba na huku bado unanunua kifuko. Wakati huo tulikuwa tunawasha sigiri moja kwa zamu: akimaliza mwenzangu kupika, mimi nabandika palepale kabla moto haujafa. Hata sasa gunia lipo, zamu hiyo hatujaiacha.

Karibuni, hasa mnaojua habari za umeme. Yaka yangu, hii mita ya umeme wa kulipia kabla, siielewi.

Hajati wa Bombo

Mwanangu, hongera. Hilo gunia likiisha, vumbi la chini mnalipeleka wapi? Msilitupe, ule ni mkaa mliokwisha kuulipia.

Mimi nalichekecha, nachanganya na uji mwepesi wa unga wa muhogo, au udongo wa kichuguu kama muhogo ni ghali. Udongo uwe kidogo tu wa kushikisha. Ukizidi, unapata jivu jingi na moto hafifu. Nafinyanga madonge ukubwa wa yai, naanika juani mpaka donge likidondoka lisipasuke. Maganda ya matoke nayo yanafaa: yakauke vizuri, yachomwe ndani ya pipa lenye hewa kidogo mpaka yawe meusi bila kugeuka jivu, halafu yatwangwe na kuchanganywa na hilo vumbi.

Madonge haya hayashiki upesi, kwa hiyo usiyategemee kwa chai ya asubuhi. Weka mkaa wa kawaida chini, madonge juu, bandika kitu cha kukaa: maharagwe, kwato, au matoke ya kuvukishwa kwenye majani. Moto wake ni wa taratibu na unadumu. Na sigiri iwe ile yenye udongo ndani. Ya bati tupu inapasha uwanja joto.

Fundi Mita, Jinja

Dada wa Kisenyi, habari za Yaka ni hivi. Mteja wa nyumbani anapewa uniti 15 za kwanza za kila mwezi kwa bei nafuu ya shilingi 250. Baada ya hapo bei inaruka karibu mara tatu. Hilo halikubadilika kampuni ya Umeme ilipoondoka na UEDCL, kampuni ya serikali, kushika usambazaji Aprili 2025. Mwezi mpya ukianza, hesabu inaanza upya.

Hivyo ukiishiwa tarehe 29, nunua kidogo cha kukuvusha, kisha nunua cha maana tarehe 1. Nawaona watu wanaoweka pesa nyingi mwishoni mwa mwezi, kwa bei ya juu, na mwezi unaofuata hawanunui kabisa. Uniti zao za bei nafuu zinapita hivihivi.

La pili ni la mizigo hasa. Mkiwa wapangaji wanne kwenye mita moja, zile 15 ni za mita, mnagawana nyote. Mwenye nyumba akiwa mtu wa kuelewana, ombeni kila chumba kipate mita yake. Kwa mtu wa balbu mbili na simu, uniti 15 zinaweza kumtosha karibu mwezi mzima.

Kuna na bei ya kupikia: kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 katika mwezi, uniti inashuka hadi shilingi 412. Hiyo iliwekwa ili watu waache mkaa.

Mwanachuo wa Kikoni

Fundi, kwa hiyo ninunue nyingi ili nifike 81?

Fundi Mita, Jinja

Hapana, mdogo wangu. Ukiwa mtu wa uniti 30, baki huko huko. Hiyo inamfaa mwenye familia anayepika kwa umeme kila siku. Ila wewe wa hosteli, piga pasi nguo zote za wiki kwa mkupuo mmoja. Pasi inakula umeme zaidi inapoanza kupata moto, sasa ukiiwasha kila asubuhi kwa shati moja unaanza upya kila siku.

Mama Presha, Ntinda

Nathibitisha ya kupika kwa umeme, lakini kwa sufuria ya presha ya umeme, si kwa koili. Koili ile ya waya mwekundu niliifukuza nyumbani. Ya presha nilisoma mita kabla ya kuweka maharagwe yaliyolowekwa usiku, nikasoma tena yalipoiva: haikufika uniti moja. Kwa mkaa, maharagwe hayo hayo yangemaliza kifuko chote. Kuinunua ndiko kunakouma. Mimi niliipata kwa zamu yangu ya nigiina, ule mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu; wenzangu wa kikundi walinishauri ninunue kochi.

Na huhitaji kuacha sigiri. Chapati na nyama ya kuchoma bado ni za mkaa kwangu. Kilichohamia kwenye umeme ni vile vya kuchemka muda mrefu tu, na hapo ndipo gharama ilipokuwa.

Yaya wa Nakivale

Jamani, huku kambini kwa wakimbizi Yaka tunaisikia tu. Sisi ni kuni na makala (mkaa), na kuni ziko mbali. Mgao wa chakula ulipopunguzwa 2023, wengi tulikuwa tunauza sehemu ya unga ili tupate cha kuupikia unga uliobaki. Basi ikabidi tuanze na moto.

Kwanza jiko la udongo. Udongo wa kichuguu, nyasi zilizokatwakatwa, maji, unakanyaga kwa miguu mpaka unashikana. Unajenga tundu moja la kuni na mashimo mawili ya sufuria, la pili linapata moto unaotoka kwenye la kwanza. Liache likauke vizuri kabla ya kuwasha, ukiharakisha linapasuka. Huko nyuma nilikuwa napikia mafiga matatu, na moto wote ulikuwa unaenda na upepo.

Pili ni kikapu, na hiki ndicho ninachokipenda. Kikapu kikubwa, ndani nimejaza majani makavu ya mgomba na vipande vya blanketi kuukuu, katikati nimeacha nafasi ya sufuria, na mto wa nguo wa kufunika juu. Wali ukichemka dakika tano, unautoa motoni na mfuniko wake, unautia kapuni, unaufunga. Ukirudi baada ya saa moja umeiva, haujashika chini. Maharagwe yaliyolowekwa nayachemsha karibu nusu saa, yanaingia kapuni asubuhi, nakwenda shambani, nikirudi mchana nayapasha kidogo kwa chumvi na kitunguu. Sombe, majani ya muhogo, ndiyo ilikuwa inanimalizia makala kuliko kitu kingine. Sasa naichemsha kwa muda wake bila mfuniko, kisha kazi ya kuilainisha nakiachia kikapu.

Tatu, maji ya kunywa. Nilikuwa nayachemsha kila siku. Sasa siku za jua nayaweka katika chupa za plastiki za soda zinazoonesha ndani, nazilaza juu ya bati toka asubuhi, saa sita nzima za jua. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Maji lazima yawe maangavu. Ukiweka gazeti nyuma ya chupa na husomi herufi, basi chuja kwanza, na mvua ikishika siku nzima rudi kwenye kuchemsha.

Nesi mstaafu, Mbale

Yaya, kikapu ni kizuri sana, ila wenzetu wanaotaka kuiga wasiruke sehemu ya nusu saa. Maharagwe, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu inayoondoka kwa kuchemka kwa nguvu si chini ya dakika kumi. Ukiyapasha tu na kuyatia kapuni mabichi, yatalainika lakini yataharisha na kutapisha watoto. Maji ya kulowekea yamwage, usipikie.

Na kwa wote wenye sigiri: akiba isifike mahali pa kuingiza jiko ndani ya chumba na kufunga mlango eti joto lisipotee. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Nimewapokea wodini, sitaki kuwapokea wengine. Pikieni barazani.

Mtu wa Mpakani, Busia

Langu fupi. Pesa ya simu. Kodi ya asilimia 0.5 inakatwa unapotoa pesa, na juu yake kuna ada ya kampuni inayopangwa kwa viwango. Kutoa elfu kumi mara tano kwa wiki ni ghali kuliko kutoa elfu hamsini mara moja. Duka lenye namba ya malipo, lipia moja kwa moja bila kutoa, hiyo kodi ya kutoa haikugusi. Mimi nalipa hivyo ada ya shule na dukani kwa jumla, natoa tu pesa ya sokoni.

Halafu sabuni. Nunua mche mzima, ukate, uanike vipande kabatini mpaka vikauke. Sabuni kavu haiyeyuki ovyo, inaenda mbali kuliko ile laini ya kukatiwa dukani.

Mama wa Kisenyi

Hajati, shikamoo. Madonge nitaanza wikiendi hii, jua lipo. Dada wa Ntinda, ya nigiina imenigusa, sisi huku kila zamu inaishia kwenye kodi ya nyumba. Na chakula je? Sokoni Kalerwe nafika alfajiri wakati magari yanashusha, na napata nafuu, lakini maharagwe yanapanda miezi ambayo siwezi kuelewa.

Mkulima wa Bweyale

Dada, yanapanda kabla ya mavuno na kushuka baada ya mavuno, kila mwaka. Huku kwetu maharagwe yanatoka karibu Juni na Julai, na tena Desemba hivi. Wakati huo mkulima anauza kwa haraka kwa sababu anaogopa wadudu, na ada za shule zinamsubiri. Miezi miwili mitatu baadaye anayanunua sokoni yaleyale kwa bei ya juu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kilichonisaidia ni jerikeni. Nayaanika maharagwe mpaka ukiuma moja linavunjika bila kubonyea. Nayajaza ndani ya jerikeni kavu ya lita 20 mpaka mdomoni kabisa, hewa isibaki, nafunga kifuniko na kipande cha nailoni chini yake ili pasivuje. Wadudu waliomo wanamaliza ile hewa kidogo wanakufa wenyewe. Hakuna dawa, na mbegu inaota ukiipanda. Sharti lake ni moja: usifungue kuchungulia. Ukifungua leo na kesho umewaingizia hewa. Kwa hiyo jaza jerikeni nyingi ndogo badala ya pipa moja kubwa, ufungue moja hadi iishe.

Ninyi watatu wa gunia la mkaa mnaweza kufanya vilevile. Wekeni pamoja Julai, mtume mtu huku au Masindi, mchukue gunia, mgawane kwenye jerikeni.

Mwanachuo wa Kikoni

Na dagaa je, wanakaa humo?

Mkulima wa Bweyale

Mukene, hao dagaa, sijawahi kuweka, hao wana mafuta na wanataka kukauka kweli. Maharagwe, mahindi na njugu mawe nina uhakika nayo.

Mama wa Kisenyi

Jerikeni ninazo za mafuta ya kupikia, nne. Zinafaa au zitaharibu ladha?

Mkulima wa Bweyale

Zinafaa. Zioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka mkono usiteleze, suuza, zigeuze mdomo chini juani zikauke kabisa, tone moja la maji linaweza kuozesha zote. Jaribu na kifuniko: jaza hewa, funga, ikandamize ndani ya beseni la maji uangalie kama inatoa mapovu. Ikitoa, tafuta kifuniko kingine. Na zile zilizobeba dawa ya shamba au petroli usizitumie hata ukiziosha mwaka mzima.