Nikitembea msituni na mbwa wangu napata kitu ambacho sala haikuwahi kunipa. Nifanyeje nisikipoteze?

NyayoZaUmande (mwanzisha uzi)

Wakuu, salama? Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara tatu, kwa hiyo mnisamehe ukikosa mpangilio.

Nina mbwa anaitwa Jivu, ana miaka 11. Huu ni mwaka wa sita kila Jumamosi alfajiri tunaingia msituni na kutembea kama saa mbili. Nilianza kwa sababu ya presha tu, daktari alinitaka nitembee. Sasa kuna mahali njia inapinda chini ya miti mikubwa, mwanga unaingia vipande vipande. Jivu akifika hapo husimama, huinua pua, hutulia. Nami nasimama. Siku moja nikashtukia machozi yananitoka, na sikuwa na huzuni yoyote. Mimi ni mtu wa kusali kwa ratiba, maneno yaleyale, nikimaliza naangalia saa. Pale sina hata neno moja, lakini natoka kama mtu aliyesikilizwa.

Shida zangu ni mbili. Nilipotaka kukifanya kitu hiki kiwe rasmi, kikakimbia. Nilipakua programu ya kutafakari kwenye simu. Sauti inaniambia vuta pumzi, hesabu hadi nne, huku Jivu ananivuta akanuse kisiki. Naishia kumkaripia. Mtu anayemkaripia mbwa ili apate utulivu, mnamwonaje?

Ya pili ndiyo inayoniuma. Mwezi uliopita Jivu alilala katikati ya njia kabla hatujafika kwenye ile miti, akabaki kunitazama. Nikamngoja dakika 20, tukarudi. Nilijaribu kwenda peke yangu wiki iliyofuata. Ulikuwa msitu tu.

Naomba ushauri, hata wa kunichana.

Mkaidi77

Hewa safi na mazoezi hayo, mkuu. Usiyape jina kubwa.

MamaKisiki

Nianze na hilo la kisiki maana limeniudhi kidogo, nisamehe. Wewe unadhani Jivu anakukatiza. Kwa upande wake wewe ndiye unayemkatiza. Pua ya mbwa si kama yetu. Akitoa pumzi, hewa inatokea kwenye mipasuko ya pembeni mwa pua, kwa hiyo harufu mpya inaendelea kuvutwa ndani bila kupeperushwa. Wewe unaona kisiki. Yeye anasoma nani amepita, lini, ameelekea wapi. Halafu unamvuta shingo katikati ya sentensi!

Fanya hivi: mtoe mkanda wa shingoni, mvishe wa kifuani, ufunge kamba ndefu ya mita 5 mpaka 10. Robo saa ya kwanza iwe yake, akisimama simama, akirudi nyuma rudi. Badala ya kuhesabu pumzi zako sikiliza za kwake, zile fupifupi za kunusa, kisha ule mpumuo mmoja mrefu akishamaliza. Mimi huo mpumuo ndio kengele yangu. Na simu ibaki nyumbani, au mfukoni ikiwa imezimwa kwa ajili ya dharura.

MwanafunziWaKimya

Mwanzisha uzi, hujaanza wewe. Katika Surat al-Kahf wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Katika Kitabu cha Tobiti, Tobia anasafiri na malaika asiyemjua kuwa ni malaika, na mbwa anafuatana nao. Kinachonivutia ni kwamba mbwa hawa wawili hawafanyi lolote la ajabu. Mmoja amelala mlangoni, mwingine anatembea. Wamehesabiwa kwa kuwepo tu.

Kuhusu msitu wenyewe, Wajapani wana neno shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Idara yao ya misitu ndiyo iliyolitoa mwaka 1982, tena kama jambo la afya. Hakuna kukimbilia kileleni wala kuhesabu hatua, unaingia polepole unaacha macho, masikio na ngozi vifanye kazi. Kwa hiyo Mkaidi77 ana hoja, ila kaitumia kufunga mlango.

PembezoniTu

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mimi ni Muislamu, nafuata madhehebu ya Shafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi. Natembea na mbwa wa kulinda bila tatizo. Nina nguo za msituni pekee, na akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana mtazamo mwepesi zaidi. Nasema haya kwa wanaosoma kimyakimya wakidhani lazima wachague kati ya dini na mnyama. Muulize mwalimu wako, usiache kutembea.

Tabibu_wa_Mifugo

Nyote mmeruka jambo la haraka. Mbwa aliyekuwa akitembea saa mbili akalala njiani, hiyo siyo falsafa. Mpeleke apimwe. Huenda ni viungo vya nyonga, huenda ni moyo, huenda ni ugonjwa unaoletwa na kupe, na kila kimoja kina njia yake. Uzee siyo ugonjwa, na mbwa ni hodari wa kuficha maumivu. Angalia kama anasita kupanda ngazi, anainuka kwa shida asubuhi, au analamba kiungo kilekile kila mara.

Na tafadhali usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofen inaweza kumharibu tumbo na figo, na paracetamol nayo si salama kumpa kwa kukisia.

Saa mbili Jumamosi na siku sita za kulala ndiyo ratiba mbaya kuliko zote kwa mbwa mzee. Afadhali dakika 15 kila siku kwenye ardhi laini. Epuka jua kali, maana yeye hupoza mwili kwa kuhema, jasho lake ni la kwenye nyayo tu na halitoshi. Beba maji. Mkirudi mkague masikioni, kwapani na katikati ya vidole utoe kupe. Kamba usimfungulie, kwa usalama wake na wa wanyama wa humo. Halafu hakikisha msitu wenyewe unaruhusu mbwa, hifadhi nyingi haziruhusu.

Kijiti

Umesema tukuchane. Unamfanya mbwa awe kasisi wako, na hajakuomba kazi hiyo. Alipolala njiani alikuwa anaumwa. Wewe ukawa unapiga hesabu ya miti ambayo hamjafika.

NyayoZaUmande

Kijiti, imeniingia. Nimekaa nayo tangu asubuhi.

KitiChaNje

Mbwa wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Miezi ya mwisho tulikuwa tunafika mwanzoni tu mwa msitu, labda mita 200, na safari hiyo ilichukua saa nzima. Nilikuwa nabeba mkeka. Yeye analala, mimi nakaa. Kwa kweli ndiyo saa nilizoujua msitu ule, kwa sababu zamani nilikuwa naupita. Nilijua ndege gani anaanza na yupi anafuata.

Alipoondoka nilirudi peke yangu, na nilikuta ulichokuta wewe, msitu tu. Ilikuwa hivyo kwa miezi. Sikulazimisha. Siku hizi nasimama pale alipokuwa anasimama yeye. Kuna siku nasikia kitu na kuna siku nasikia mbu.

Mkaidi77

Niliandika mazoezi. Sikusema mazoezi ni kitu kidogo.

NyayoZaUmande

Mrejesho, wakuu. Tulikwenda kwa daktari wa wanyama. Ni viungo vya nyonga, moyo uko sawa. Kapewa dawa, kapewa na amri ya kupunguza uzito (na mimi nilipewa hiyohiyo na daktari wangu, tutapambana wote). Tunatembea kidogo kila siku.

Jumamosi tuliingia na kamba ndefu. Programu nimeifuta. Nadhani tulikwenda mita 300. Kisiki kimoja alikinusa muda mrefu hadi nikachuchumaa kuona kuna nini, nikakuta uyoga mdogo wa rangi ya machungwa umejipanga kwenye ganda upande wa chini. Miaka sita napita hapo. Kwenye miti hatukufika. Alipogeuka, nikageuka.

Swali moja dogo limebaki: hii kamba ya mita 10 mnaikunjaje bila kujifunga miguu?

MamaKisiki

Huikunji. Unashika mwisho, nyingine inaburuta. Ukifika nyumbani unaitoa majani.