Nyimbo tatu za roki kwenye harusi ya Capri Point: ipi ya mapenzi, ipi ya kuachana?

Mshereheshaji_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Kuna harusi Jumamosi ijayo, ukumbi wa wazi ufukweni upande wa Capri Point, hapa Mwanza. Bwana harusi anapenda roki ya zamani, ameleta nyimbo tatu zipigwe laivu: "Every Breath You Take" maharusi wakiingia, "Love of My Life" wakati wa keki, na "One" ya U2 wakati wazazi wanapewa zawadi. Natakiwa kusema sentensi mbili za Kiswahili kabla ya kila wimbo ili wazee kutoka Magu na Ukerewe wajue kinachoimbwa. Ule wa kwanza nimeutafsiri "kila upumuapo, nitakuwa nakuangalia". Niko sahihi? Na mtu anatofautishaje wimbo wa kupenda na wimbo wa kumlilia aliyeondoka?

Mwl_Fasihi_Ilemela
Mkuu, tatizo liko kwenye hilo "nakuangalia". Kwetu mama akienda sokoni humwambia jirani "niangalizie mtoto". Kuangalia kumebeba ulinzi na huruma. Maneno ya wimbo ule hayana huruma hiyo. Anayeimba anafuatilia pumzi, hatua na maneno ya mtu ambaye tayari amemwacha. Hapo Kiswahili chake ni kuvizia, au kumwandama mtu kwa macho. Sting, mwimbaji wa bendi ya The Police, aliutunga mwaka 1982 ndoa yake ya kwanza ikivunjika, bendi ikautoa 1983, na mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba ni wimbo wa wivu na kutaka kummiliki mtu. Tafadhali usiwaingize maharusi nao.

Njia ya kupima wimbo wowote: andika maneno yote kwenye karatasi, pigia mstari vitenzi, kisha kando ya kila kitenzi andika mtendaji ni nani: mimi, wewe au sisi. Penye mapenzi yanayoishi utakuta "wewe" anatenda na matendo yake yanamfaa "mimi", na "sisi" hakosekani. Kwenye wimbo wa hamu, "mimi" anahangaika peke yake. "Wewe" hajibu kitu, au tendo lake pekee ni kuondoka.

Baada ya hapo soma ile sehemu ya katikati melodi inapobadilika, kabla hujarudi kwenye ubeti wa kwanza. Watunzi wengi wa roki hukiri hapo. Katika "Every Breath You Take" ndipo anaposema waziwazi kwamba tangu mwenzake aondoke yeye amepotea. Ukiishia kwenye kiitikio hutalijua hilo kamwe.

"Love of My Life" nao jina lake linapoteza watu. Aliutunga Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, na bendi yake ya Queen ikautoa 1975. Anamwita mwenzake mpenzi wa maisha yake, lakini katika pumzi hiyohiyo anasema ameumizwa, anaachwa, anaomba arudishiwe alichonyang'anywa. Angalia na njeo, yaani wakati wa kitenzi: ukitafsiri "uliniumiza", msikilizaji anaelewa jeraha lilikwisha kupona. Sema "umeniumiza". Hiyo -me- ndiyo inayoliacha jeraha wazi mpaka sasa, na wimbo wote umesimama juu yake. Ni wimbo mzuri mno, ila si wa keki.

Besi_Kirumba
Naongezea upande wa muziki, maana ndiko sikio linakodanganyika. "Every Breath" msingi wake ni mzunguko wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) wa 1-6-4-5, yaani kodi ya kwanza, ya sita, ya nne na ya tano za skeli; kwenye A ni A, F#m, D, E. Nyimbo nyingi za mapenzi za Marekani za miaka ya 1950 zilijengwa humohumo, kwa hiyo mtu akiusikia tu anajua utamu umekuja, hata kabla ya neno la kwanza. Ila sikiliza gitaa la Andy Summers wa The Police: anapiga noti mojamoja, na kwenye kodi anaingiza noti ya tisa kuhesabu kutoka ile ya msingi. Ndiyo maana lile gitaa halitulii, linaning'inia. Mpiga gitaa wenu akiiacha hiyo noti ya tisa, wimbo unageuka mtamu kabisa na maana inapotea.

Bwana harusi aking'ang'ania, upigeni wakati wa chakula bila kuimba.

Kwa keki, msitoke hata kwenye albamu ileile ya Queen yenye "Love of My Life". Kuna "You're My Best Friend". Huo aliutunga mpiga besi John Deacon kwa ajili ya mke wake, na ni chini ya dakika 3, unatosha kukata na kulishana. Piano yake ya umeme ina mkwaruzo kidogo. Kinanda chenu kikiwekwa sauti ya piano safi, unapooza.

Halafu, ukumbi wa wazi upepo wa ziwa unaingia kwenye maiki. Ivishe sponji, la sivyo hizo sentensi zako mbili zitasikika mvumo mtupu.

Binti_wa_Mwaloni
Nakubaliana na mwalimu, ila kuhusu "One" naomba msiutupe. Ni kweli U2 waliutengeneza Berlin bendi ikikaribia kuvunjika, ukatoka 1991, na mwimbaji wao Bono mwenyewe amewahi kushangaa watu wanaoupiga harusini. Ni mazungumzo ya watu waliochokana. Lakini kuna mstari mmoja wa kubebana, na hapo ndipo wengi wanakosea kwa kutafsiri "lazima tubebane". Kiingereza chake hakisemi lazima. Kinasema ni nafasi ambayo mtu amepewa. Kiswahili tuna neno lake hasa: "tumejaliwa kubebana". Kwa wazazi waliovumiliana miaka mingi, mstari huo una haki ya kusikika. Waambieni tu kwamba ni wimbo wa watu waliokoseana na bado hawajaachiana mkono.

Jambo jingine ni picha. Roki nyingi tunayoisikia imetoka nchi za baridi: mvua ni huzuni, jua ni faraja. Kwa wazee wa Magu mvua ni neema, na jua ndilo linalokausha pamba shambani. Hata methali yetu inasema mchumia juani hulia kivulini. Raha iko kivulini. Bendi ikitaka kuongeza "Here Comes the Sun" ya George Harrison wa Beatles, ya 1969, usiseme "jua linakuja" ukanyamaza. Sema: "Kama masika yanavyorudi baada ya kiangazi kirefu." Neno umebadilisha, lakini faraja imefika kwa msikilizaji.

Mshereheshaji_Nyegezi
Nashukuru sana. Bwana harusi amekubali. Maharusi wataingia na "Here Comes the Sun", keki ni "You're My Best Friend", wazazi "One". Kwa keki nimeandika: "Huyu si mke tu, ni rafiki yangu wa kweli. Nilimpenda, na nitampenda."

Mwl_Fasihi_Ilemela
Viwili vya kurekebisha. "Rafiki" kwa mke, mbele ya wazee, ni jepesi; weka "mwandani". Na "nilimpenda" itawafanya wageuke kutazamana, maana inasikika kama yamekwisha. Andika: "Huyu si mke tu, ni mwandani wangu. Nimempenda, na ninazidi kumpenda."

Besi_Kirumba
Na ukishasema "kumpenda", nyamaza hapohapo. Piano inaanza peke yake kabla ya sauti, wape nafasi wazee waisikie.