Tupeane uzoefu: wanawake mliofungua kampuni za programu kwa kompyuta moja

Mwanzisha mada: Nilipeleka mfumo wa stoo kwa mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia kijana wangu wa mafunzo kwa vitendo na kumuuliza bei. Dada zangu mlioanza bila mfadhili, hapo mlivukaje?

Binti Sinza: Hilo la "bosi wako yuko wapi" limetukuta sote.

Msomaji wa Tanga: Halikuanza leo. Mwaka 1962 Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya programu Uingereza kwa pauni 6, akiajiri wanawake waliofanyia kazi nyumbani huku wakilea. Barua zake hazikujibiwa mpaka alipoanza kutia saini kwa jina la "Steve", na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Siwashauri kubadili majina, maana BRELA wanaosajili kampuni watawadai namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA).

Mama Mifumo: Mada hii imenitonesha kidonda. SACCOS moja ilinipa kazi ya kuandika mfumo wa akiba na mikopo kwa makubaliano ya mdomo, na malipo ya awali yaliyotosha seva na vifurushi vya intaneti tu. Kila nilipogusia fedha niliambiwa bodi haijakaa. Siku moja kabla ya mkutano mkuu, tulipokuwa tukihamisha taarifa kutoka kwenye madaftari, mfumo ulikataa mikopo kadhaa kwa sababu namba za wakopaji hazikuwamo kwenye rejesta ya wanachama. Mwenyekiti alisema hiyo ni hitilafu ya programu yangu, akanitaka niondoe kizuizi hicho na nikabidhi nywila zote usiku uleule, ndipo nilipwe. Nilikataa, nikachapisha orodha ile na kuikabidhi kamati ya usimamizi. Asubuhi mkutano uliahirishwa, nami nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Kijana wa Goba: Mama, usituache njiani! Hao wakopaji walikuwa akina nani?

Fundi Kodi: Ungeficha kufuli la tarehe ndani ya mfumo, ujizime wenyewe wasipolipa.

Wakili Mtaani: Huo ushauri utampeleka mwenzetu mahabusu. Kuingilia mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Andika kwenye mkataba kwamba msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, ni mali yako hadi awamu ya mwisho ilipwe.

Fundi Kodi: Wakili, mkataba wenyewe unauandika kwa shilingi ngapi?

Mhasibu: Mkimaliza kugombana, kumbukeni kwamba mteja hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Daini cheti chake.

Binti Sinza: Mteja wa kwanza mfanyie bure, upate jina.

Mama Mifumo: Binti, usithubutu, wa bure ndiye anayekupigia simu saa sita usiku. Kuhusu wakopaji, suala liko kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika na sitalizungumza hapa. Malipo yangu yamefika nusu, na anayetaka nakala ya mkataba ninaotumia sasa anitumie ujumbe.