"Mafuta ni mafuta": yule bwana amemimina 5W-30 ndani ya BSA yangu nikiwa nimesimama pale pale!

Mwenye M20, Nakuru

Ndugu zangu wapenzi wa pikipiki kongwe, ninaandika haya mikono ikiwa bado inanuka oili na magoti yakitetemeka, kwa sababu nimeisukuma BSA M20 ya marehemu baba kutoka mjini hadi mtaa wa Section 58 katika jua la saa nane, chuma kitupu cha kilo zaidi ya 160, na sikuthubutu kupiga kiki hata mara moja. Yule bwana wa duka la vipuri mnamjua nyote, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Ni yule ambaye tangu azaliwe hajasoma maandishi ya mkebe wowote anaouuza, na ukimwuliza habari za namba ya oili hukukodolea macho kana kwamba umemtaka akuhesabie heroe wote wa Ziwa Nakuru.

Nilikwenda kutafuta kitu kimoja tu: oili nzito yenye namba moja tu ya uzito, isiyo na ile herufi W, yaani SAE 50, na kama hana basi SAE 40, ile ile inayotiwa kwenye injini za mashine za kusaga mahindi. Nilimweleza kwa upole kwamba pikipiki hii ni ya mwaka 1942, kwamba ina silinda moja ya cc 496 na valvu za ubavuni, na kwamba tangi lake la oili liko chini ya kiti na wala si ndani ya injini kama alivyozoea kuona kwenye boda boda. Nikafungua kifuniko ili aone kiwango kilipofikia. Akaniambia, "Mzee, mafuta ni mafuta," akachukua mkebe wa 5W-30 ya magari ya kisasa, akaung'oa mdomo, akamimina.

Alimimina! Sikuwa nimelipa, sikuwa nimekubali, na kifuniko nilikuwa nimekishika mkononi. Niliiona ile oili nyembamba ya rangi ya asali ikitua juu ya ile nyeusi, ikakaa kidogo kama chai ya rangi iliyomwagwa juu ya uji wa wimbi, kisha ikazama. Vijana wa boda boda waliokuwa wakingoja mnyororo wakacheka. Halafu akanidai shilingi 2,400.

Oili ya 5W-30 ikipata moto huwa nyepesi kama namba 30, na injini ile iliundwa kwa nafasi pana baina ya vyuma, nafasi ambazo miaka 80 imezidi kuzipanua. Isitoshe, pikipiki ikiegeshwa, kinachoizuia oili isiteremke kutoka tangini hadi kwenye nyumba ya krenki, chini ya injini, ni gololi ndogo na pampu iliyochakaa. Hata oili nzito hushuka ukiiacha majuma kadhaa, sembuse maji yale. Tena injini haina chujio la karatasi, ina wavu wa waya tu, ambao huzuia mabonge na kuuachia uchafu laini upite. Oili za siku hizi zina dawa ya kusafisha inayong'oa tope lililolala kwa miaka, na tope likishang'oka huenda kuziba vijitundu vinavyolisha beringi ya konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Nilikuwa ninamweleza hayo hayo, neno kwa neno, wakati alipomimina. "Mafuta ni mafuta." Mbele ya watu!

Klachi Inateleza, Naivasha

Pole sana mzee wangu. Huyo bwana ninamjua vizuri mno, kwani aliniuzia oili ya gari niitie kwenye Honda CB125 yangu, ambayo klachi yake huogelea katika oili ile ile ya injini. Nilipoanza kupanda kuelekea Menengai injini ilinguruma kama lori la mawe huku pikipiki ikitambaa kama kobe, kwa sababu oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano ni sahani za kulia wali. Tafuteni alama ya JASO MA nyuma ya mkebe, ndiyo ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Nilipomwonyesha alama hiyo alisema ni jina la kiwanda.

Gololi Moja, Kisumu

Ndugu yangu wa M20, wewe mwenyewe unasema ulikuwa umekishika kifuniko. Kufungua tangi mbele ya mwenye duka wa namna hiyo ni sawa na kuacha samaki mezani mbele ya paka, kisha ukamlaumu paka. Nikuulize pia swali ambalo hukuligusa: ni lini uliifungua injini hiyo mara ya mwisho ukatoa tope lote? Injini iliyofunguliwa ikasafishwa haina cha kuogopa kwenye oili yenye dawa ya kusafisha, mradi uzito wake uwe sahihi na uibadilishe mapema. Kosa la 5W-30 ni wembamba wake. Acha kuandika, nenda ukafungue nati ya chini ya tangi.

Mwenye M20, Nakuru

Injini niliifungua, lakini tangi sikulisafisha hadi chini, na hilo ninalikubali. Nati nimekwisha kuifungua. Nimeikinga oili kwenye beseni na kuipitisha katika kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa zimebaki chembe nyeusi mithili ya majani ya chai, nyingine ukizibana kwa ukucha zinapondeka kama masizi. Hizo ndizo zingekwenda kwenye konrodi ya baba yangu kama ningepiga kiki. Lakini tusitoke kwenye jambo lenyewe: hakuniuliza! Ningekuwa nimechagua mwenyewe ningejilaumu mwenyewe. Yeye alimimina huku ninasema!

Bushi ya Shaba, Kakamega

Afadhali wewe umeweza kuimwaga siku hiyo hiyo. Mimi fundi wangu alisikia giaboksi inatiwa oili ya injini namba 50, akasema ni nyepesi mno, akaweka namba 90 ya daraja la GL-5 "ili ipate nguvu". Kwanza, namba za oili ya gia zinapimwa kwa mizani yake, na 90 ya gia inakaribiana kwa uzito na 50 ya injini, kwa hiyo hakuongeza nguvu yoyote. Pili, GL-5 ina dawa nyingi ya salfa na fosforasi, na joto likipanda dawa hiyo huweza kuzila bushi za shaba, ambazo pikipiki hizi kongwe zimejaa. Nilipomwaga baada ya mwaka, oili ilitoka ikimetameta kama vumbi la dhahabu. Dhahabu hiyo ilikuwa bushi zangu.

Tustroki Daima, Bungoma

Ninyi wa injini za valvu mnalia mapema. Nina Yamaha AG100, tustroki inayounguza oili pamoja na petroli, ambayo ilikuwa na pampu yake ya oili, nzima kabisa, mpaka fundi mmoja akaikata bila kuniomba ruhusa, akaniambia nichanganye mwenyewe oili na petroli. Nikamwuliza kiasi gani, akanionyesha kifuniko cha chupa ya soda. Sasa ninapima kwa sindano ya mifugo, na nikikosea kidogo plagi inalowa oili. Kuna mtu aliwahi hata kunishauri nitumie mafuta ya nyonyo, kama waendesha mashindano wa zamani.

Bushi ya Shaba, Kakamega

Nyonyo haichanganyiki vizuri na oili ya madini, nayo huacha gundi kwenye ringi za pistoni. Mwambie aliyekushauri atie kwanza kwenye yake.

Mwenye M20, Nakuru

Ninaomba turudi kwa yule bwana. Nimlipe au nisimlipe hizo shilingi 2,400? Oili yake iko kwenye beseni, imechanganyika na tope langu, na ananipigia simu.

Gololi Moja, Kisumu

Usilimwage hilo beseni, litafaa kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Ila hebu niseme jambo linaloniuma mimi. Huku kwetu nilinunua SAE 50 ya mkebe wenye jina kubwa, nikaimimina kwenye chupa angavu kabla ya kuitumia, na asubuhi nikakuta tabaka jeusi chini, unene wa kidole. Ilikuwa oili chafu ya gereji, imetulizwa na kurudishwa kwenye mkebe halisi. Kwani mikebe mitupu inapatikana wapi? Inapatikana kwetu sisi, tunaoiacha gereji.

Tustroki Daima, Bungoma

Hapa mtu hupita kila Jumamosi akiinunua, na yenye kifuniko kizima huilipia zaidi. Nilimkatalia, akarudi kwa mke wangu, akauziwa minne.

Klachi Inateleza, Naivasha

Itoboeni. Mimi hutumia msumari wa inchi nne, tundu mbili chini na moja ubavuni, halafu kifuniko ninakichoma moto.

Tustroki Daima, Bungoma

Tundu za chini anaziziba kwa gundi. Nimeona kwa macho yangu. Kata mdomo wote kwa msumeno.